Kijana Kwanza, Karatasi ya Majibu Baadaye

Leo tuna swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini, tena mara nyingi wakiwa wameshasimama mlangoni waondoke: mwanangu wa kiume ametimiza miaka 15, wenzake wameota ndevu na sauti zimekuwa nzito, yeye bado ana umbo la mtoto wa darasa la nne. Nimpeleke maabara gani wakampime homoni?

Ni swali zuri, lakini limeanzia katikati. Kipimo cha homoni kina faida kubwa, ila hakiwezi kujibu swali ambalo hakikuulizwa. Mvulana akitolewa damu kabla ya kukaguliwa mwili, kabla ya kupimwa kimo, kabla ya kuulizwa habari za afya yake na za ukoo wake, ile karatasi ya majibu inaweza kumtia hofu asiye mgonjwa, na inaweza pia kumtuliza aliye mgonjwa kweli. Kwa hiyo ninachotaka tuelewane leo ni hiki: damu isomwe pamoja na mwenye damu.

Tuanze na umri, maana neno "kuchelewa" lazima liwe na mpaka. Mvulana huanza kubalehe wakati wowote kati ya miaka 9 na 14, na wengi huanza wakiwa na miaka 11 au 12. Madaktari husema amechelewa pale anapotimiza miaka 14 bila kuonyesha dalili ya kwanza. Mpaka huo una sababu yake: kufikia umri huo, wavulana 97 hivi kati ya kila 100 huwa wameshaanza. Kwa msichana mpaka ni miaka 13 bila matiti kuanza kuota, lakini habari ya wasichana inastahili kipindi chake.

Sasa, dalili ya kwanza kwa mvulana ni ipi? Hapa ndipo wazazi wengi wanapotazama pasipo. Wanatazama kidevu, wanasikiliza sauti, wanahesabu chunusi. Hizo zote huja baadaye, na ndevu ni miongoni mwa mambo ya mwisho kabisa. Dalili ya kwanza ni korodani kukua. Zikifikia ujazo wa mililita 4, ambao ni sawa na urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, balehe imeanza, hata kama kwa nje hakuna kilichobadilika. Kurefuka kwa kasi, kule ambako kila mtu anakusubiri, kwa wavulana huja katikati ya safari, korodani zikiwa zimefika mililita 10 au zaidi. Ndiyo maana katika darasa moja wasichana wa miaka 12 huwapita wavulana kwa kimo, kisha baada ya miaka miwili au mitatu mambo hugeuka.

Maana yake ni nini kwa yule mzazi aliyesimama mlangoni? Ni kwamba mwanawe anaweza kuwa na miaka 14 na nusu, mfupi, sauti nyembamba, uso laini, na bado akawa ameshaanza kubalehe miezi kadhaa iliyopita. Daktari akimkagua akakuta mililita 6, kwa kawaida jibu linakuwa: tumpime kimo, arudi baada ya miezi sita tuone anavyoendelea. Sehemu kubwa ya hofu inaondoka hapo hapo chumbani, kabla ya tone lolote la damu kutoka.

Kinyume chake pia hutokea. Mvulana ameota nywele chache sehemu za siri na kwapa limeanza kunuka jasho la kikubwa, wazazi wakapumua: tayari huyo! Lakini nywele hizo na harufu hiyo vinaweza kuletwa na tezi ndogo zilizo juu ya figo, ambazo zina ratiba yake yenyewe. Mvulana anaweza kuwa na nywele huku korodani zimelala vile vile. Nywele peke yake si ushahidi.

Kifaa cha kupimia ujazo huo ni cha ajabu kwa urahisi wake. Mwaka 1966, Andrea Prader, daktari wa watoto wa Zürich nchini Uswisi, aliwatambulisha wenzake uzi wenye shanga 12 zenye umbo la yai, kuanzia mililita 1 hadi 25. Daktari anashika korodani kwa mkono mmoja na shanga kwa mkono wa pili, analinganisha, anaandika namba. Hakuna umeme, hakuna kemikali, hakuna kusubiri majibu. Miaka minne baadaye, mwaka 1970, Uingereza, William Marshall na James Tanner walichapisha maelezo ya hatua tano za balehe ya wavulana, ambazo hadi leo madaktari duniani kote huzitaja kwa jina la Tanner. Mtaalamu mwenye shanga hizo, futi kamba ya kupimia kimo na chati ya ukuaji ameshika zaidi ya nusu ya uchunguzi wote.

Najua ugumu uko wapi. Kijana wa miaka 15 hataki kuvua nguo mbele ya mtu, na pengine mzazi mwenyewe anaona haya kuliomba jambo hilo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo inasimama kwa maana yake yote. Lakini heshima ya kijana nayo ni sehemu ya tiba. Aelezwe mapema kitakachofanyika na kwa nini. Aulizwe kama anataka baba awepo, au mama, au mjomba, au muuguzi wa kiume. Mlango ufungwe. Ukaguzi wenyewe hauchukui muda. Kijana aliyeheshimiwa siku hiyo atarudi miezi sita baadaye, na kurudi kwake ndiko kutakakotoa jibu.

Baada ya ukaguzi ni zamu ya maswali. Swali la kwanza ni la ukoo: baba alianza kunyoa lini? Alirefuka akiwa sekondari au baada ya kumaliza? Wajomba je? Mama alivunja ungo akiwa na miaka mingapi? Maswali hayo yana uzito kuliko yanavyosikika, kwa sababu kisa kinachotokea zaidi kwa wavulana waliochelewa ni kuchelewa kwa asili tu. Mwili ni mzima, saa yake inakwenda polepole, na mara nyingi tabia hiyo imo ndani ya familia. Kwa zaidi ya nusu ya vijana wa aina hii, baba, mama au ndugu wa karibu naye alichelewa. Baba anayejua hivyo na kumwambia mwanawe, "Hata mimi nilikuwa mdogo kuliko wote darasani, nikarefuka nikiwa na miaka 17," amempa dawa isiyouzwa popote.

Kisha yafuate maswali ya afya. Je, alizaliwa korodani zikiwa hazijashuka? Alifanyiwa upasuaji huko? Aliwahi kupata matibabu ya saratani? Anaumwa kichwa mara kwa mara, au macho yamepungua nguvu? Anapata chakula cha kutosha? Anaharisha mara kwa mara? Anatumia dawa gani kwa muda mrefu? Na swali moja ambalo huwashangaza wazazi: je, anasikia harufu? Mwaka 1944, Franz Kallmann, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi New York, pamoja na wenzake, walieleza habari za koo ambazo ndani yake watu hawakubalehe na wakati huo huo hawakuweza kunusa. Sababu ilijulikana baadaye. Seli za ubongo zinazoanzisha balehe huzaliwa puani mtoto akiwa bado tumboni, kisha husafiri kuingia ndani ya ubongo zikifuata njia ya mishipa ya kunusa. Njia hiyo ikiharibika, harufu inapotea na balehe nayo haiji. Kijana mwenyewe hatalalamika, kwa kuwa hajui wengine wananusa nini. Mfumbe macho, mpe anuse kahawa, kisha ganda la chungwa. Usitumie kitunguu wala pilipili, kwa sababu hivyo huwasha pua hata ya mtu asiyenusa, naye atakujibu kuwa amesikia.

Wasikilizaji, sasa tumefika maabara. Ili tuelewe kinachopimwa, tufuate njia ambayo mwili wenyewe unapita.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo hutoa homoni iitwayo GnRH, na huitoa kwa vipindi: inatoa, inanyamaza, baada ya saa moja au mbili inatoa tena. Homoni hiyo inakwenda jirani kwenye tezi ya pituitari, nayo pituitari inaingiza kwenye damu homoni mbili, LH na FSH. LH ikifika kwenye korodani inaziamuru zitengeneze testosteroni, ile inayoleta ndevu, misuli, sauti nzito na kurefuka. FSH inashughulika na seli zinazolea mbegu za kiume. Huo ndio mnyororo wote, na kipimo cha homoni kinauliza jambo moja tu: mnyororo umekatikia wapi, kama kweli umekatika?

Watu wengi hawajui kwamba mnyororo huu umewahi kufanya kazi kabla. Mvulana akiwa na mwezi mmoja hadi miezi sita hivi, homoni hizi hupanda kwa muda, kisha hulala kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtoto mchanga wa kiume mwenye uume mdogo sana, au mwenye korodani ambazo hazijashuka, anastahili kuonwa na daktari wakati huo huo. Dirisha hilo la miezi michache likipita, itabidi kusubiri hadi umri wa balehe ndipo damu iweze kusema kitu.

Elimu hii si ya zamani sana. Muundo wa GnRH ulijulikana mwaka 1971, kutokana na kazi ya Andrew Schally na Roger Guillemin, waliokuwa wakishindana wakiwa katika maabara mbili tofauti nchini Marekani. Mwaka 1977 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwanamke mmoja ambaye bila yeye sisi tusingekuwa na mazungumzo haya, Rosalyn Yalow wa New York. Yeye na mwenzake Solomon Berson ndio waliogundua namna ya kupima homoni ndani ya damu kwa kutumia kingamwili na chembe zenye mionzi. Homoni zimo kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na kabla yao wengi hawakuamini kwamba zingeweza kupimwa kwa usahihi huo. Berson alifariki mwaka 1972, hivyo hakuiona tuzo hiyo.

Damu itolewe lini? Asubuhi, karibu saa mbili, na ikiwezekana kabla ya chai. Balehe huanza usiku. Katika miezi ya mwanzo, LH hupanda kijana akiwa usingizini, testosteroni inafuata, na kufikia mchana imeshashuka. Kijana anayepimwa saa tisa alasiri anaweza kuonekana hana kitu kabisa, kumbe asubuhi alikuwa nacho. Pia asipimwe akiwa na malaria au homa nyingine, wala siku chache baada ya hapo, kwa kuwa ugonjwa wa ghafla hushusha homoni hizi kwa muda. Na kama anameza vidonge vya biotini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, aseme, kwa sababu vinaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara.

Majibu yakitoka, yanaweza kuwa ya aina mbili kuu. Fikiria mtu anayebisha hodi. Aina ya kwanza ni LH na FSH kuwa juu huku testosteroni ikiwa chini: pituitari inabisha hodi kwa nguvu, inazidi kubisha, nyumbani hakuna anayeitika. Hapo tatizo liko kwenye korodani zenyewe. Huenda zilijisokota zikakosa damu, zilichelewa kushushwa, ziliharibiwa na matibabu ya saratani, au kijana ana kromosomu ya ziada. Kromosomu hiyo ndiyo hali iliyoelezwa na Harry Klinefelter mwaka 1942, na mwaka 1959 huko Edinburgh, Patricia Jacobs na John Strong wakaonyesha chanzo chake: mwanamume ana X mbili na Y moja. Hali hii si adimu kama inavyodhaniwa, kwani inakadiriwa kumpata mvulana mmoja kati ya 600 hivi. Wengi wao huanza kubalehe kwa wakati, kisha korodani zinagoma kukua. Ndiyo maana wengi hupita bila kugunduliwa hadi wanapooa na kukosa mtoto.

Aina ya pili ni LH na FSH kuwa chini, na testosteroni chini: hodi haijapigwa. Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu vijana watatu tofauti kabisa wanaweza kuleta karatasi inayofanana. Wa kwanza ni yule wa kuchelewa kwa asili, ambaye hodi yake itapigwa mwakani. Wa pili ni yule ambaye ubongo wake hautapiga hodi kamwe bila msaada, kama wale wasionusa, au mwenye uvimbe karibu na pituitari. Wa tatu ni yule ambaye mwili wake umeahirisha balehe kwa sababu unapambana na jambo jingine: ugonjwa wa muda mrefu au njaa.

Katika ukanda wetu, huyo wa tatu asisahaulike hata siku moja. Mwili wenye akili hauanzi ujenzi mpya wakati chakula hakitoshi kuendesha ule uliopo. Kijana mwenye seli mundu hutumia nguvu nyingi kutengeneza damu ambayo inavunjika upesi, na kwa wastani hubalehe akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja au miwili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na seli mundu duniani, na makadirio yanayotajwa ni takriban 11,000 kila mwaka. Ongeza waliozaliwa na virusi vya UKIMWI wakachelewa kuanza dawa, wenye kifua kikuu, wenye figo dhaifu, wenye tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, na wale ambao mlo wa siku ni mmoja. Vijana hawa dawa yao si testosteroni. Dawa yao ni kutibiwa kile kinachowala.

Kwa hiyo vipimo vya mwanzo vinavyofaa ni vile ambavyo hospitali nyingi za wilaya zinavyo: picha kamili ya damu, kipimo cha seli mundu, kipimo cha VVU, kazi ya figo na ini, na homoni ya tezi ya shingo pale inapopatikana. Kimoja kati ya hivyo kikileta jibu, huenda familia isihitaji kutumia fedha nyingi kupima mengine. Naomba jambo hilo lisikike vizuri kwa mzazi anayeuza mbuzi ili alipie kipimo alichotajiwa na jirani.

Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto nayo ni msaada mkubwa. Mifupa ya mkono na kiganja hufunga kwa mpangilio unaojulikana, na daktari huilinganisha na kitabu cha picha ili ajue umri wa mifupa. Kijana wa miaka 15 mwenye mifupa ya miaka 12 bado ana nafasi kubwa ya kurefuka, na hiyo ni habari njema. Ila kitabu kinachotumika zaidi, cha Greulich na Pyle, kilichotoka mwaka 1950, kilitokana na watoto wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, wengi wao wa familia zenye uwezo. Hawakuwa watoto wa Tabora wala wa Kisii. Msomaji wa picha alijue hilo, na umri wa mifupa uchukuliwe kuwa dokezo. Usigeuzwe kuwa cheti cha kuzaliwa.

Tumtenganishe vipi basi kijana wa kwanza na wa pili, yule wa kuchelewa kwa asili na yule ambaye ubongo wake hautapiga hodi? Vipimo vipo. Kuna homoni iitwayo inhibini B, inayotoka kwenye seli zinazolea mbegu, ambayo ikiwa chini sana inaelekeza kwenye tatizo la kudumu. Kuna kipimo cha kuchomwa sindano ya GnRH kisha LH ikapimwa kila baada ya muda kuona inapanda kiasi gani. Na testosteroni ya asubuhi ikishapita nanomoli 0.7 kwa lita, hiyo ni dalili nzuri kwamba mabadiliko ya mwili yataonekana ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Lakini nasema wazi: hakuna kipimo hata kimoja kinachowatenganisha vijana hawa wawili kila mara. Majibu yao yanaingiliana. Kipimo cha uhakika zaidi kilichobaki ni muda, chini ya macho ya daktari. Kijana akifika miaka 18 na mwili wake haujaanza wenyewe, swali limejijibu.

Sasa nizungumzie ile karatasi ya majibu, kwa sababu imewaliza watu wengi bila sababu. Pembeni ya namba huandikwa kiwango cha kawaida, na mara nyingi kiwango hicho ni cha wanaume watu wazima. Testosteroni ya kijana ambaye hajaanza kubalehe ikiwekwa pembeni ya kiwango cha mwanamume wa miaka 30, mashine itachapa alama ya upungufu. Ni lazima ichape. Haimaanishi kwamba mtoto ni mgonjwa. Inamaanisha hajabalehe, jambo ambalo ulilijua kabla hujatoka nyumbani. Pia mashine nyingi zimetengenezwa kupima viwango vya watu wazima, na kwa viwango vidogo vya watoto usahihi wake hupungua. Usisome karatasi hiyo peke yako usiku, na usiipeleke duka la dawa. Ipeleke kwa yule aliyemkagua mtoto.

Nimetaja duka la dawa kwa makusudi. Kuna sindano za testosteroni zinazochomwa kiholela, kuna unga wa kujenga misuli, kuna mchanganyiko wa mizizi unaosifiwa mitaani kuwa huleta ndevu. Testosteroni nyingi kwa kijana anayekua inaharakisha kufunga kwa mifupa, na mfupa ukifunga haufunguki. Kijana atapata ndevu miezi michache mapema na kupoteza sentimita ambazo hatazipata tena. Zaidi ya hapo, dawa kutoka nje inaiambia pituitari inyamaze, na daktari anayekuja baadaye anakuta dalili zilizochanganyika.

Daktari akiamua kusaidia, hufanya tofauti. Kijana wa miaka 14 au zaidi ambaye huenda anachelewa kwa asili, lakini anateseka moyoni, anaweza kupewa dozi ndogo ya testosteroni mara moja kwa mwezi, kwa miezi mitatu hadi sita, kisha inasimamishwa. Baada ya hapo anakaguliwa. Mara nyingi mwili hupokea na kuendelea wenyewe, na korodani kukua ndiyo ishara, kwa kuwa dawa hiyo haizikuzi. Zisipokua, daktari anapata sababu ya kutafuta zaidi. Na yule ambaye kweli ana tatizo la kudumu anaweza kutumia testosteroni kwa miaka mingi na kuishi maisha ya mwanamume kamili. Akitaka mtoto, yapo matibabu ya kuziamsha korodani kwa homoni za aina ya LH na FSH, na wengi huweza kutoa mbegu. Hata kwa hali ya Klinefelter, wataalamu wameweza kupata mbegu kwa baadhi ya wanaume kwa upasuaji mdogo. Kwa hiyo mtu asimwambie kijana, "Wewe hutazaa." Maneno hayo yana uzito mkubwa, na mara nyingi si ya kweli.

Wataalamu wapo wapi? Ni wachache, lakini si sawa na zamani. Tangu mwaka 2008, Nairobi imekuwa na kituo kinachofundisha madaktari wa watoto ubingwa wa homoni, kwa ushirikiano na chama cha mabingwa wa fani hiyo wa Ulaya, na waliohitimu wamerudi kufanya kazi katika nchi mbalimbali za Afrika. Njia ya kuwafikia ni rufaa: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa watoto. Ukienda, beba kadi ya kliniki ya utotoni, vimo vilivyopimwa shuleni kama vipo, majina ya dawa anazotumia, na habari za ukoo wa pande zote mbili.

Kwa walimu, hasa wa shule za bweni, nina ombi. Mvulana anayekoga saa kumi alfajiri peke yake, au anayekwepa mchezo unaohitaji kuvua shati, huenda si mkaidi. Mwiteni faraghani na muongee naye kwa upole, wala msiache jina la utani likamkaa. Na pale ambapo vijana bado wanaingia jando pamoja na rika lao, wazee wanaowafunda wana nafasi ambayo daktari hana: wanaweza kusema mbele ya wote kwamba miili haiendi kwa mwendo mmoja, na kwamba aliyetangulia hajamshinda aliyefuata. Mambo haya yakisemwa mapema, hakuna atakayetafuta aliyemroga mwenzake.

Na sasa nizungumze nawe, kijana unayenisikiliza, labda kwa spika ya sikioni ili mtu asijue unasikiliza nini. Hukufanya kosa lolote. Uwezekano mkubwa ni kwamba mwili wako ni mzima na unachukua muda wake. Upo pia uwezekano mdogo kwamba kuna jambo linalohitaji tiba, na tiba hiyo ipo. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili kwa kujitazama kwenye kioo, wala kwa kujilinganisha na rafiki yako. Kama umetimiza miaka 14 na hujaona mabadiliko, au yalianza yakasimama, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, baba, mama, mjomba, shangazi au mwalimu, umwambie maneno haya tu: nataka kuonana na daktari wa watoto. Ukifika huko, kubali kukaguliwa kwanza. Daktari akiona damu inahitajika, atakwambia, na siku hiyo namba zitakazotoka zitakuwa na maana, kwa sababu zitasomwa na mtu anayekujua.